Upande wa Tarakea

Saa kumi kasorobo setilaiti inachomoza nyuma ya Kibo,
na Kibo haina haraka ya kuipisha.
Niko juu ya bati, Pasua,
kandambili zimelainika kwa joto,
mkononi antena niliyoipinda mwenyewe
kwa bomba la shaba la jokofu la marehemu mjomba.
Nangoja.

Kimya cha mlima.
Kisha spika inachachatika
kama mvua juu ya bati hilihili,
na jua linawaka, hakuna hata tone.
Hiyo ndiyo sauti ya picha.
Bi Ndeanka wa jirani huanua nguo kila akiisikia.
Nimemweleza. Anasema,
"Sikio langu halikusomea kompyuta."

Picha hushuka mstari kwa mstari:
Turkana, Ukambani, Tsavo, Upare,
bahari yenye ngozi ya mikunjo,
mpaka kusini ambako sijafika.
Juu kabisa ni giza,
Uhabeshi wote mlima umekula.
Katikati pana michirizi kama ya kucha za paka:
hapo fundi Kiwelu amewasha mashine, anachomelea geti.
Kila cheche yake ni kijiji kinachofutika.

Kwa hiyo kuna Apolinari.
Apolinari wa Tarakea, nyuma ya mlima,
antena yake iko juu ya banda la mbuzi,
analala na kaskazini kama mtu alalaye mlango wazi.
Alichofichwa yeye nakiona mimi,
nilichofutiwa mimi anacho yeye.
Namtumia nusu yangu, ananitumia nusu yake,
naziunga. Mshono ukipinda anasema,
"Fundi cherehani leo amelewa."
Yupo na binti wa Same, na padri mmoja Monduli,
lakini mshono wangu ni wa Apolinari.
Milima haikutani, wanasema, binadamu hukutana.
Sisi mlima ni mmoja, mwaka wa nne huu,
na sijui hata kama ana ndevu.

Mwisho wa Mei nusu yake haikuja.
Nilipiga simu, haipatikani.
Geti la Kiwelu siku hiyo lilikuwa la kanisa, kubwa,
na michirizi imelala juu ya Kahe na Chekereni,
na simu ya Chekereni inaita:
"Mwalimu, tupure leo?"
Dalili ya mvua ni mawingu, sawa.
Na wingu lililo chini ya mchirizi?
Nilitazama kushoto, kusafi. Kulia, kusafi.
Nikasema, "Pureni."

Saa mbili usiku niliisikia sauti ya picha
bila spika.
Bi Ndeanka alikuwa ameshaanua.

Mpunga ulichipua ndani ya magunia.
Hakuna aliyenitukana. Walinishukuru kwa kujitahidi,
na hiyo ndiyo iliyonichoma.

Siku ya tatu Apolinari akapatikana:
"Wameng'oa shaba yote. Mbuzi wamemwacha."
Nikacheka, nikaona aibu kucheka.

Nikaenda Majengo kwa wauza chuma chakavu,
nikachagua, nikapimiwa kwa kilo.
Bomba moja bado lilikuwa na kipande cha mpira wa baiskeli
kimefungwa kwenye kiungo, mafundo mawili,
vilevile anavyofunga yeye,
alivyonielekeza kwa simu masika yetu ya kwanza.
Sikuuliza. Nililipa.
Likapanda basi la alfajiri kwenda Rombo
limeviringishwa kanga, kama mtoto.

Hakusema kitu kuhusu lile bomba.
Alisema tu, "Umechagua vizuri,"
akanyamaza kidogo kuliko kawaida ya simu ya kulipia.

Leo, saa kumi kasorobo,
Uhabeshi umerudi na mawingu yake.
Mshono umepita juu ya theluji, umepinda.
Nimeuacha.
Simu ya Chekereni inaita,
na kabla ya kupokea
nachungulia uani kwa Bi Ndeanka,
naangalia kamba ya nguo.